Kiingereza cha Saa na Siku Katika Mji wa Goma

Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini, ni mji ambao haja ya Kiingereza imeufikia kutoka pande kadhaa, ingawa lugha rasmi ya nchi ni Kifaransa na lugha ya sokoni, nyumbani na barabarani ni Kiswahili. Upande wa mashariki umeshikana na Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, nchi ambayo mwaka 2008 iliamua kwamba masomo ya shule yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Upande wa kaskazini iko njia ya Rutshuru inayofika Bunagana, na mwenye kuvuka hapo huingia Uganda. Tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa kuanzishwa ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Tena, kwa zaidi ya miaka ishirini mashirika ya misaada na ujumbe wa Umoja wa Mataifa, uliojulikana kwanza kama MONUC na kuanzia 2010 kama MONUSCO, vimekuwa vikitangaza kazi ambazo asiyejua Kiingereza hathubutu kuziomba.

Katika lugha hiyo, maneno yanayomkwaza mwanafunzi wa Goma mapema kuliko mengine ni madogo kwa umbo: maneno ya wakati, yaani yale yanayosema jambo litatokea au lilitokea lini, na maneno ya marudio, yaani yale yanayosema jambo hutokea mara ngapi. Kwa desturi mwalimu huyafafanua kwa njia ya Kifaransa, akiandika ubaoni neno la Kiingereza na pembeni yake neno la Kifaransa, kwa sababu Kifaransa ndicho lugha ya shule. Desturi hiyo inastahili kupimwa upya, kwa maana katika mambo mengi ya wakati Kiswahili, hasa Kiswahili chenyewe cha Goma ambacho wengi hukidharau kuwa kibovu, kiko karibu zaidi na Kiingereza kuliko Kifaransa kilivyo, na mwanafunzi hupelekwa njia ndefu wakati njia fupi iko mdomoni mwake.

Ipo sehemu moja ambapo Kiswahili chenyewe ndicho chenye kutatiza, nayo ni hesabu ya saa. Mswahili huhesabu saa za mchana kuanzia macheo na za usiku kuanzia machweo, hivyo saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga iliyokwisha kupita, ilhali Mwingereza na Mfaransa huanza kuhesabu saa sita za usiku. Mkazi wa Goma hubeba hesabu zote mbili: akitaja saa kwa Kiswahili hulifuata jua, akitaja kwa Kifaransa huifuata saa ya mkononi, na aghalabu hubadilisha katikati ya mazungumzo bila kukosea. Hesabu hiyo ya jua inaafikiana na mji huu kuliko hata miji ya pwani ilikotoka. Goma iko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na iko karibu sana na mstari wa longitudo ya 30 mashariki ambao ndio msingi wa saa rasmi ya mashariki mwa Kongo, kwa hiyo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili kamili mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kwa takriban robo saa. Mombasa na Dar es Salaam hutumia saa iliyopimwa kwa longitudo ya 45, ambayo iko mashariki zaidi ya pwani yao, na kwa sababu hiyo jua lao huikawia saa ya mkononi kwa dakika kama ishirini.

Kuongeza sita au kupunguza sita ni jambo ambalo mtoto hulimudu kwa siku moja. Ugumu uko katika majina ya sehemu za siku, ambazo lugha hizi hazizikati mahali pamoja. Saa nane za usiku kwa Mswahili ni usiku mzito, lakini Mwingereza huziita saa mbili za asubuhi, "two in the morning", kwa kuwa kwake siku mpya imekwisha kuanza. Vifupisho "a.m." na "p.m.", vilivyotokana na Kilatini, havisemi lolote kuhusu giza wala mwanga, bali vinasema tu kama saa hiyo iko kabla ya adhuhuri au baada yake. Mwanafunzi akishaambiwa hivyo huacha kuuliza kwa nini saa sita za usiku huandikwa "12 a.m." na saa sita za mchana "12 p.m.", ingawa hata Waingereza wenyewe hukwepa utata huo kwa kusema "midnight" na "noon". Kiswahili kina msemo mzuri wa usiku wa kuamkia Jumanne, ambao humtoa msikilizaji kwenye shaka ya kama usiku unaotajwa ni wa siku iliyopita au wa siku ijayo, na mwenye kuutafsiri hana budi kuchagua kati ya "Monday night", ikiwa jambo lilitokea kabla ya saa sita, na "the early hours of Tuesday", ikiwa lilitokea baadaye.

Mpangilio wa dakika nao una kawaida yake. Mswahili na Mfaransa hutaja saa kwanza kisha dakika, lakini Mwingereza hutanguliza dakika, na saa mbili na dakika ishirini asubuhi huwa "twenty past eight". Waumini wa Goma wanaosikiliza wahubiri wa Kiingereza wakitafsiriwa wana faida moja katika kubadilisha hesabu ya saa, kwa sababu mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, unahesabu saa ya tatu, ya sita, ya tisa na ya kumi na moja kuanzia macheo, kama Mswahili anavyohesabu hadi leo. Tafsiri za kisasa za Kiingereza zimezigeuza saa hizo ziwe tisa asubuhi na tatu alasiri kwa hesabu ya Ulaya, na msomaji akiziweka Biblia mbili pamoja hujipatia zoezi ambalo hakuna kitabu cha shule kinachompa.

Baada ya saa huja mazoea, na hapa Kiswahili cha Goma kinatoa msaada ambao walimu wengi hawajautumia. Kiingereza hutenganisha kwa ukali tendo linaloendelea sasa hivi na tendo ambalo ni desturi ya mtu: "she is working" ni kusema yuko kazini wakati huu, na "she works" ni kusema kazi ndiyo kawaida yake, hata kama wakati huu amelala. Kifaransa hutumia umbo moja kwa yote mawili, na kwa hiyo mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kifaransa huona tofauti hiyo kama uchokozi wa Waingereza usio na sababu. Kiswahili sanifu kina kiambishi cha hu- kinachoonyesha desturi, kama katika "hufanya kazi", lakini kiambishi hicho hakisikiki sana katika mitaa ya Birere, Katindo au Ndosho. Kinachosikika huko ni silabi -ka inayofungwa mwishoni mwa kitenzi. Mtu akisema "anatumika ku soko", ambapo kutumika katika Kiswahili cha huko ni kufanya kazi, msikilizaji huelewa kwamba kazi inaendelea sasa, na akisema "anatumikaka ku soko", huelewa kwamba ndiyo kazi yake ya siku zote.

Mtoto wa Goma, kabla hajaingia darasa la kwanza, anaijua tofauti kati ya "anatumika" na "anatumikaka" na hakosei hata mara moja, nayo ni ile ile inayomshinda akiwa sekondari mbele ya "is working" na "works". Hali hiyo inasikitisha, kwa kuwa anayeshindwa hakukosa akili wala bidii, ila hakuna aliyemwambia kwamba kanuni anayoitafuta anaitumia kila siku. Mwalimu angeweza kuanza kwa kuliuliza darasa ni wakati gani watu husema "anakuja" na ni wakati gani husema "anakujaka", akaacha wanafunzi wenyewe watoe kanuni, kisha akaweka "he is coming" na "he comes" mahali palipokwisha kuandaliwa. Silabi hiyo humsaidia hata katika mambo yaliyopita, kwa sababu "alikuwaka anakaa Bukavu" hubeba maana iliyo karibu sana na ya "he used to live in Bukavu", kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa na sasa sivyo tena.

Maneno ya marudio yenyewe hufundishwa kwa ngazi: "always" juu kabisa, chini yake "usually", kisha "often", "sometimes", "rarely", na chini kabisa "never". Vitabu vingi huandika pembeni mwa kila neno asilimia, kwamba "always" ni mia kwa mia na "never" ni sifuri, na yaliyo katikati hugawiwa tarakimu kwa kukisia. Ncha mbili za ngazi hiyo ni sahihi, lakini tarakimu za katikati humpotosha mwanafunzi, kwa kuwa neno kama "often" halihesabu matukio tu, bali huyalinganisha na jinsi mtu alivyotazamia. Mfano uko juu ya mji wenyewe. Mlima Nyiragongo umepasuka ubavuni na kumwaga lava nje ya shimo lake mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021, yaani mara tatu katika muda usiozidi nusu karne. Kwa mtaalamu anayepima maisha ya milima kwa maelfu ya miaka, huko ni kupasuka mara nyingi, na "often" ni neno lake halali. Kwa mtu anayeuliza kama aogope kwenda kulala leo, "rarely" ndilo neno la kweli. Isitoshe, mtu akigawa miaka kwa matukio na kusema mlima hupasuka "every twenty years" atakuwa amesema uongo, kwa sababu "every" huahidi mpango wa kudumu, na kati ya mlipuko wa kwanza na wa pili ilipita miaka 25, kati ya wa pili na wa tatu 19. Kinachoweza kusemwa bila hatia ni "three times since 1977", ambapo idadi hutajwa na ahadi haitolewi.

Mahali pa kuyaweka maneno haya katika sentensi ni suala la mazoezi zaidi kuliko maelezo: hukaa kabla ya kitenzi kikuu lakini baada ya kitenzi cha kuwa, hivyo "she often comes" na "she is often late". Linalohitaji maelezo ni "never". Mswahili akikana hukana kwa kitenzi na huongeza neno la kusisitiza, "hajafika kamwe", na Mfaransa vivyo hivyo hutumia vipande viwili, kwa hiyo lugha zote mbili humshawishi mwanafunzi aseme "he doesn't never come". Katika Kiingereza sanifu "never" limekwisha kukana peke yake, na kitenzi kinachofuata lazima kibaki kama cha kukubali. Kwa upande mwingine, silabi -ja- ya "hajafika" na -sha- ya "ameshafika" hulingana vizuri na "not yet" na "already", na mwenye kuzishika hizo hana la kuhangaikia.

Kosa linalojulikana zaidi katika Kiingereza cha Wakongo waliosoma kwa Kifaransa ni lile la "since three years". Chanzo chake ni neno moja la Kifaransa, "depuis", linalotumika kwa mwanzo wa muda na pia kwa urefu wa muda, ilhali Kiingereza kimegawa kazi hiyo kati ya "since", ambalo hushika mahali jambo lilipoanzia, na "for", ambalo hupima urefu. Kiswahili kimegawa kazi hiyo vilevile: mtu husema amekaa Goma tangu 2002, au amekaa Goma kwa miaka mitatu, na sikio lililozoea Kiswahili fasaha halifurahii "tangu miaka mitatu", ingawa siku hizi husikika kwa wale ambao Kifaransa kimewaathiri. Hata kitenzi kinakubaliana, kwa kuwa Mfaransa husema "j'habite", kwa wakati uliopo, lakini Mswahili anaweza kusema "nimekaa", kwa -me- ile ile inayoelekeza kwenye "I have lived". Katika "ago" nako Kiswahili kiko upande wa Kiingereza, kwa sababu siku tatu zilizopita hutanguliza siku na kufuatisha kupita, kama "three days ago", ilhali Kifaransa huanza na "il y a" na kumfanya mwanafunzi aandike "ago three days".

Haki inataka kusema pia kwamba Kifaransa kina mahali pake pa kusaidia. Majina ya miezi yanakaribiana mno katika lugha hizo mbili za Ulaya, na mtu aliyezoea kusema mwezi wa tano au mwezi wa kumi na moja huyapata kwa urahisi kupitia Kifaransa. Hata hivyo wakati mwingine mfanano huo ni mtego, kama katika "actuellement", ambalo maana yake ni kwa sasa, na "actually", ambalo maana yake ni kwa kweli. Mtego mwingine ni wa hesabu: Mfaransa huita majuma mawili siku kumi na tano, na juma moja huliita siku nane, kwa sababu huhesabu siku ya kwanza na ya mwisho pamoja, na Mkongo akiyahamisha hayo kama yalivyo humwambia Mwingereza "in fifteen days" akimaanisha siku ya kumi na nne. Mwingereza ana neno lake la kale, "fortnight", lililotokana na usiku kumi na nne, na Mmarekani husema tu "two weeks".

Uzito wa maneno haya huonekana zaidi kwenye dawa. Pakiti nyingi zinazouzwa katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki zina maelezo ya Kiingereza, na mgonjwa hutegemea mtu atakayemsomea. "Twice daily" na "three times a day" hazina taabu, mradi ijulikane kwamba "a" katika "a day" hufanya kazi ya "kwa" katika "mara tatu kwa siku". Hatari iko katika "every eight hours". Mtu akiitafsiri kwa haraka kuwa "kila saa nane", msikilizaji anaweza kuelewa kwamba dawa inywewe kila ifikapo saa nane, yaani mara moja mchana na labda mara moja usiku, badala ya mara tatu katika siku nzima. Kiswahili cha Goma kina kinga hapa pia: watu husema "masaa nane" wakipima urefu wa muda na "saa nane" wakitaja wakati, kama Mwingereza anavyotenganisha "eight hours" na "two o'clock". Wasimamizi wa lugha hulikemea neno "masaa" kuwa si sanifu, na katika mtihani wana haki yao, lakini mbele ya mgonjwa neno hilo linafanya kazi ambayo sarufi sanifu haikuitengea neno, na atakayeogopa kulitumia aseme kwa ukamilifu "kila baada ya muda wa saa nane".

Msemo wa "mara moja" unahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Katika Kiswahili humaanisha tukio lisilorudiwa na humaanisha pia papo hapo, ilhali Kiingereza hutofautisha "once" na "at once" kwa kijineno kimoja tu. Agizo la kumleta mtoto kliniki mara moja likitafsiriwa kwa "once" litamfanya mama aamini kwamba analo juma zima la kuchagua siku.

Mwisho kuna maneno ya ukomo, ambayo huwagusa hasa vijana wanaotafuta kazi. Neno "hadi" la Kiswahili hufunika "until" na "by" kwa pamoja, lakini Kiingereza huyatenga: "until Friday" ni jambo linaloendelea bila kukatika mpaka Ijumaa ifike, na "by Friday" ni jambo moja litakalokamilika wakati wowote bila kuipita Ijumaa. Ofisi iliyo wazi hutumia la kwanza, barua ya maombi hutumia la pili. Mwombaji anapaswa pia kuangalia tarehe imeandikwa na nani, kwa maana 5/4 kwa Mfaransa, Mwingereza na Mkongo ni siku ya tano ya mwezi wa nne, na kwa Mmarekani ni siku ya nne ya mwezi wa tano. Tena Kongo ina saa rasmi mbili, ya magharibi ikiwa nyuma ya ile ya mashariki kwa saa moja, hivyo tangazo linalosema "by 4:30 p.m. Kinshasa time" humpa mtu wa Goma nafasi hadi saa kumi na moja na nusu za jioni, na ndugu yake aliyevuka Bunagana kuingia Uganda hadi saa kumi na mbili na nusu.